Tupeni simu inayoshikwa, si tarehe ya kliniki tu

Mhariri,

Kuna lawama imezoeleka sana siku hizi, kwa redio, kwa baraza za chifu, hata kanisani, ati wanawake waliotibiwa saratani za uzazi wakishapata nafuu wanakuwa wazembe, wanaacha kliniki, halafu wanarudi wakiwa wamechelewa na familia inaanza kuitisha harambee. Mimi ni mmoja wa hao waliotibiwa. Yangu ilikuwa ya mji wa mimba, ikapatikana ikiwa steji ya kwanza, nikafanyiwa upasuaji nikatolewa kizazi na ovari zote mbili, ripoti ya maabara ikarudi ikionyesha haikuwa imeenda mbali kwa hivyo sikuhitaji mionzi wala kemo. Sasa wacha niseme vile mimi naona. Hizi kliniki za kurudi kila baada ya miezi kadhaa, vile zimepangwa saa hii, hazimsaidii sana mtu kama mimi, na zinamzibia njia yule mama anayezihitaji kweli kweli. Kuna njia nyingine ambayo mgonjwa mwenyewe ndiye anaongoza ufuatiliaji wake, inatumika nchi zingine, lakini ukiileta Nairobi bila simu inayoshikwa utakuwa umemtupa tu.

Kwa wale hawajawahi kufika huko, kliniki yenyewe iko hivi. Unaamka usiku, unapanda matatu za kwanza kwanza kwa sababu ukifika saa mbili utapata foleni imeshazunguka kona, unatafuta faili, faili haionekani, unaenda kuweka kidole kwa mashine ya SHA, hii bima ya afya ya serikali, mtandao umelala, mnakaa kwa benchi mkipigana na usingizi na saa sita hivi ndio unaitwa. Daktari ni kijana mzuri tu, sina neno na yeye, lakini mlangoni kuna umati na yeye anauona. Anauliza mama uko sawa, unasema niko sawa, damu inatoka, hapana, unakula, ndio, anaandika, anakupatia tarehe nyingine. Kuna siku unapimwa vizuri na kuna siku hata kitandani hupandi. Na mimi natoka Komarock tu hapa. Kuna mama huwa tunaonana huko anatoka mbele ya Mwingi, yeye hulala kwa mpwa wake Githurai usiku wa kuamkia kliniki, na mpwa mwenyewe ana chumba kimoja na watoto. Akikosa kuja mara moja anaandikwa kwa faili kwamba amepotea. Huyo ndiye mzembe?

Kitu ambacho watu wengi hawaambiwi ni kwamba saratani ya mji wa mimba ikirudi, mara nyingi ni mwanamke mwenyewe hujua kwanza. Anaona damu, ama anaanza kuumwa na nyonga. Na dalili haijui kalenda ya hospitali, inaweza kuanza wiki mbili tu baada ya kliniki, sasa mama kwa vile ameambiwa arudi baada ya miezi sita anakaa nayo hiyo miezi yote, manake kwa akili yake tarehe ni tarehe, ukienda kabla utafukuzwa. Hapo ndipo mimi hukasirika. Tunafundishwa kungoja.

Italia walifanya utafiti mkubwa unaitwa TOTEM, matokeo yakachapishwa 2022. Wanawake zaidi ya 1,800 waliotibiwa saratani hii ya mji wa mimba waligawanywa, wengine wakafuatiliwa kwa skani na vipimo vya damu mara nyingi, wengine wakapewa ufuatiliaji mdogo. Wale wa vipimo vingi hawakuishi zaidi ya wenzao, hata wale ambao hatari yao ya kurudiwa ilikuwa kubwa. Pap smear nayo, kile kipimo cha kupangusa chembe ukeni, kwa mtu ambaye alishatolewa kizazi kwa ajili ya saratani hiyo, haisaidii lolote la maana kutafuta kama imerudi, na bado kuna wenzangu hufanyiwa kila wakienda na wanalipa. Kwa upande wa saratani ya ovari kuna kile kipimo cha damu cha CA125 ambacho mtu hukingojea akitetemeka. Utafiti uliotoka mwaka wa 2010 ulionyesha kwamba kuanzisha mama kemo mapema kwa sababu tu CA125 imepanda, kabla hajasikia dalili yoyote, hakukumwongezea maisha kuliko yule aliyengoja dalili. Kemo ndio ilianza mapema, basi. Sisemi watu waache kupimwa, dawa mpya zimekuja tangu hapo na hayo ni ya daktari na mgonjwa wake, nasema tu tusidanganyane kwamba kila kipimo kinatulinda.

Ndio sababu chama cha madaktari wa saratani za uzazi cha Uingereza kilitoa mwongozo mwaka wa 2020, kikasema mwanamke ambaye hatari yake ya kurudiwa ni ndogo, hasa wa mji wa mimba steji ya kwanza, anaweza kuachiliwa kutoka kwa hizo tarehe za kila mara. Lakini haachiliwi hivi hivi. Anaketi na nesi wa saratani wanaongea kwa kina, anafundishwa dalili, anapewa nambari, na akiona kitu anapiga na anawekewa nafasi haraka. Wale ambao hatari yao iko juu kidogo hupitia kliniki kwanza, kwa kawaida miaka miwili, manake saratani hizi zikirudi nyingi hurudi ndani ya miaka miwili mitatu ya mwanzo.

Na nisifiche kitu. Denmark walijaribu hii njia kwa wanawake 156 wa mji wa mimba steji ya kwanza, na waliojiongoza kweli walienda hospitali mara chache, lakini ule woga wa ugonjwa kurudi ulipungua zaidi kidogo kwa wale waliobaki na tarehe zao. Mimi naielewa hiyo kabisa. Daktari akikushika tumbo akakuambia hakuna kitu, wiki hiyo unalala. Kwa hivyo kama kuna mama anataka kuendelea na kliniki, apewe, asilazimishwe na mtu yeyote kujiongoza, na kama aliyejiongoza ameshikwa na woga usiku na mchana hiyo pia ni sababu ya kupiga simu, si lazima kuwe na damu.

Sasa tuje hapa kwetu. Ukiangalia vizuri sisi tayari tunajiongoza, ila hakuna aliyetuelekeza. Mama anaacha kliniki kwa sababu ya nauli, hakuna anayempigia kumuuliza, hana hata karatasi ya dalili. Damu ikianza anaenda kwa kemisti pale steji anauziwa antibiotiki anaambiwa ni infekshoni, haiishi, anauziwa nyingine, anaenda dispensari, anaambiwa aende na barua ya rufaa, huko juu akifika anaambiwa faili ilifungwa kwa hivyo aanze upya kama mtu ambaye hawajawahi kumwona. Na hapa ndipo uchungu uko, kwa sababu saratani ya mji wa mimba ikirudi pale juu ukeni peke yake, na mama hajawahi kuchomwa mionzi, inaweza kutibiwa kwa mionzi na wengi wao hupona. Hupona kabisa. Hiyo safari ya kemisti na rufaa ndiyo inakula ile nafasi.

Kwa hivyo mtu akisema tuanze ufuatiliaji wa kuongozwa na mgonjwa, mimi nitamuuliza kuhusu simu kabla ya kitu kingine chochote. Nilishapewa nambari kwa kipande cha karatasi, sitataja hospitali, ukipiga unapata ile sauti ya mteja hapatikani kwa sasa, na siku ikishikwa ni mtu wa lango anakuambia sista ako likizo. Hiyo si simu. Laini iwe ya hospitali, isiwe ya nesi mwenyewe, manake nesi akihamishwa kaunti nyingine anaenda na nambari yake. Isikule kredito ya mgonjwa, na mtu asiye na kredito aki-flash apigiwe. Ukiacha ujumbe ujibiwe siku hiyo ama kesho yake. Anayeshika awe nesi anayejua kuuliza, damu ni nyingi kiasi gani, imeanza lini, mguu umefura mmoja ama yote miwili, na awe na uwezo wa kukuwekea nafasi akiwa bado anaongea na wewe. Hapo ndipo hospitali nyingi zitateleza. Ni lazima kila siku ya kliniki nafasi mbili tatu ziachwe wazi kwa hawa wanaopiga simu, na zisijazwe na mtu mwingine hata foleni ikiwa ndefu namna gani, kwa sababu mama akishamwambia nesi shida yake halafu aambiwe nafasi iko baada ya miezi miwili, hatapiga tena. Na asiitishwe barua ya rufaa. Faili yake ibaki wazi miaka mitano.

Kuna kitu kingine madaktari hawakifikirii kwa sababu wao wako na simu zao. Kwa nyumba nyingi simu ni ya mume, ama ya mtoto aliye sekondari, na hizi ploti zetu jirani anasikia ukikohoa. Nesi akipiga asianze na "hapa ni kliniki ya saratani". Aulize kwanza kama mama anaweza kuongea, na kama hawezi, waelewane saa. Kuna wanawake wamewaambia wakwe zao walitolewa faibroidi na wangependa ibaki hivyo, ni haki yao.

Halafu nasikia kuna wanaosema wanawake wetu hawajasoma vya kutosha, hawatajua dalili. Hii inanichekesha. Ni wanawake gani hao, wale wale wanaobeba kile kijitabu cha mama na mtoto kutoka kliniki ya mimba mpaka mtoto afike miaka mitano, wanajua chanjo gani imebaki na ya wiki gani, wanakitoa chini ya godoro kikiwa kimefungwa kwa karatasi ya nailoni? Tupeni kijitabu kama hicho. Kiandikwe nilikuwa na saratani gani, steji gani, nilifanyiwa nini na lini, nikipata mionzi ilikuwa sehemu gani, dawa gani, na nambari ya simu iwe kwa jalada. Ili hata nikianguka Kakamega nikiwa matangani, daktari wa huko asianze kubahatisha. Na kwa yule ambaye hasomi, nesi amrekodie sauti kwa simu kwa lugha yake, Kikamba, Kisomali, chochote, hiyo haitaki mradi wa wazungu.

Dalili zenyewe si nyingi hivyo, na kwa vile wasomaji wako wengine wako kwa hali yangu acha niziseme. Damu ukeni kwa mtu ambaye alishatolewa kizazi ama alishafunga hedhi, hata ikiwa tone, hata ikiwa baada ya tendo la ndoa tu, hiyo usingoje iwe nyingi, piga siku hiyo. Uchafu wa ukeni wenye harufu ama wenye damu damu. Maumivu mapya ya nyonga, kiuno ama mgongo ambayo hayaishi na hasa yanakuamsha usiku. Mguu kufura, hasa mmoja. Tumbo kujaa na kushiba baada ya vijiko viwili, hiyo wa ovari wajue sana. Kukonda bila kujaribu, kikohozi ama kukosa pumzi bila sababu, damu kwa mkojo ama choo, uvimbe kwa kinena. Zingine hapo zitakuwa ni kitu kingine kabisa, mgongo unauma kwa sababu ulifua blanketi, lakini zikipita wiki mbili tatu na hayo maumivu hayajaisha si wewe wa kuamua ni blanketi.

Nimesema mtu kama mimi, na nataka hiyo isikike vizuri ili mtu asiichukue hii barua akaenda kupunguza bajeti nayo. Saratani ya mlango wa kizazi ni mambo mengine. Makadirio ya 2020 yalionyesha wanawake 5,236 Kenya waligunduliwa nayo kwa mwaka na 3,211 wakafa nayo, na ndiyo inaongoza kuua wanawake kati ya saratani zote hapa. Wengi hufika steji za mbele, hutibiwa kwa mionzi pamoja na kemo, na mionzi ikimaliza kazi yake inaacha mambo yake, utumbo unasumbua, kibofu kinasumbua, uke unakaza. Damu kwa mama kama huyo inaweza kuwa ni mionzi imeacha kidonda ama ni saratani imerudi na hakuna vile atajua tofauti akiwa kwake jikoni. Wengine pia wanaishi na HIV, na wanawake wenye HIV wako kwa hatari karibu mara sita ya kupata saratani hii, kwa hivyo macho ya daktari yanahitajika zaidi. Hao waonwe kila baada ya miezi mitatu hadi sita kwa ile miaka miwili ya kwanza, waonwe kwa utulivu, wapandishwe kitandani wapimwe, na hiyo dakika ninayopoteza mimi nikisema niko sawa apewe mmoja wao. Hiyo ndiyo hesabu yangu yote. Mimi nikitoka kwa benchi si ati hospitali imepumzika, ni kwamba yule wa mlango wa kizazi amepata dakika ishirini badala ya tano.

Na hizo dakika ziwe za kuuliza mambo ambayo hayaulizwi. Baada ya mionzi mwanamke anafaa afundishwe kutumia kile kifaa cha kupanua uke ili usishikane, na si kwa ajili ya mume peke yake, ni ili hata daktari aweze kumpima baadaye. Wangapi wameonyeshwa? Tukiwa kwa benchi tunaambiana kwa sauti ya chini, mmoja ameachwa, mwingine anavumilia maumivu akidhani ndivyo inafaa kuwa, na ndani ya chumba kuna pazia na wanafunzi wa udaktari wanne, nani atafungua mdomo. Kwa simu na nesi mmoja mnayejuana, hayo yanasemeka. Mimi mwenyewe ule ukavu na joto la usiku baada ya kutolewa ovari nilikuja kusaidiwa na nesi kwa simu na si kwa kliniki.

Kitu kingine, na hiki kitawashangaza wengi. Mwanamke aliyetibiwa saratani ya mji wa mimba mapema ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuuawa na ugonjwa wa moyo kuliko na hiyo saratani. Uzito, sukari na presha ndio vilevile vinavyochochea saratani yenyewe, sasa mtu anaenda kliniki ya saratani miaka mitano anaulizwa damu damu damu na presha inapanda hapo hapo mbele ya watu. Hawa wahudumu wa afya wa mitaani, hao CHP waliopewa mikoba 2023 wakati serikali ilizindua wale 100,000, wako na mashine ya presha na ya sukari. Wa kwetu hupita hapa kwa mlango. Aniunganishe na dispensari ya karibu nifuatiliwe hayo, na saratani nibaki na kijitabu changu na simu yangu.

Mwisho ni pesa, manake bila pesa haya yote ni hadithi. SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, ile bima ya zamani, Oktoba 2024 iliweka shilingi 400,000 za saratani kwa nyumba nzima kwa mwaka, na 150,000 zaidi kutoka kwa mfuko wa magonjwa sugu. Skani ya kuniangalia tu nikiwa sina dalili inatoka kwa pesa hizo hizo ambazo nitazitafuta kwa tochi siku ambayo ugonjwa utarudi kweli. Kwa hivyo ningeomba hospitali moja tu ya umma hapa Nairobi ianze, ichukue wanawake wa mji wa mimba steji ya kwanza ambao wenyewe wamekubali, iwape kijitabu na laini na zile nafasi wazi, na ihesabu bila kuficha ni wangapi walipiga, walionwa baada ya siku ngapi, na wangapi walinyamaza kabisa ili hao wanyamavu wapigiwe. Na SHA watuambie waziwazi kupitia gazeti hili hili, hospitali ikimweka nesi wa saratani kwa simu kutwa nzima, inalipwa kwa hiyo kazi ama inalipwa tu tukija kupanga foleni?

Mama wa Komarock,
Nairobi